Kwa Vijana Wetu wa Tenisi Mnaokwenda Vyuo vya Marekani

Wanangu,

Nimesikia kwamba safari zenu ni mwezi wa nane, na nimesikia pia mnayoambiana mkishusha wavu jioni: kwamba chuo ni kituo cha daladala tu, mtu anasimama mwaka mmoja, akishapata jina anadandia gari la wachezaji wa kulipwa. Mimi niliyeanza kuokota mipira kabla wazazi wenu wengine hawajazaliwa naomba mnisikilize kabla hamjafunga mabegi.

Julai 5, 1975, fainali ya wanaume ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, iliwakutanisha watu wawili waliopitia chuo kimoja, UCLA cha Los Angeles. Jimmy Connors alitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1971 akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha akaondoka kwenda kucheza kwa malipo. Arthur Ashe aliutwaa mwaka 1965, akabaki darasani mpaka akapata shahada ya usimamizi wa biashara mwaka 1966. Sitawadanganya: Connors alimaliza na mataji manane ya mchezaji mmoja mmoja ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, Ashe matatu. Anayetaka kunishinda kwa hesabu hiyo ameshanishinda.

Hata hivyo, itazameni fainali yenyewe. Connors alikuwa na umri wa miaka 22 na ndiye aliyepewa nafasi ya kushinda, kwa sababu alijua kuichukua nguvu ya mpinzani na kumrudishia mwenyewe. Ashe, mtu aliyezoea kupiga kwa nguvu, siku ile aliuacha mchezo aliouzoea, akampelekea mipira laini na ya chini, isiyo na kasi ya kuazima. Walipobadilishana upande alikaa kitini amefumba macho, ametulia kama mtu aliye msikitini. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, akiwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 32. Mkono ule ule uliopiga miaka yote ndio uliopiga siku ile. Kilichobadilika ni mpango, na mpango hutoka kwenye kichwa kilichozoea kukaa na swali gumu bila kulikimbia.

Kuhusu fedha, ambazo najua zinawakosesha usingizi, Ashe aliposhinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968 alikuwa luteni wa jeshi na bado mchezaji wa ridhaa, asiyeruhusiwa kuchukua zawadi ya fedha. Zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Tom Okker, aliyefungwa na Ashe kwenye fainali, naye bingwa akabaki na posho ya dola 20 kwa siku. Siwaombi mkatae fedha, maana nyakati zile zilikuwa na sheria zake. Naomba tu msidhani kwamba aliyechelewa kulipwa amepotea njia.

Mwaka 1979 Ashe alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa na miaka 36, na mwaka uliofuata akastaafu. (Goti langu mimi liliniacha nikiwa na miaka 26, na sikuwa na cheti cha kunipa hata kazi ya kutunza stoo ya mipira.) Yeye alikuwa nahodha wa Marekani katika Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, kuanzia 1981 hadi 1985, na mwaka 1988 akatoa vitabu vitatu vya historia ya wanamichezo weusi wa Marekani. Kazi ya namna hiyo haiandikwi kwa raketi.

Jambo la mwisho ni barua zenu za ufadhili. Nyingi hulipia sehemu tu ya gharama, na nyingine huangaliwa upya kila mwaka, kwa hiyo anayeumia anaweza kujikuta na ada asizozitarajia. Zileteni Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, tuzisome pamoja kifungu kwa kifungu pale benchi la mwamuzi. Mje na wazazi wenu.

Ni mimi mzee wenu wa uwanjani.