Ushindi wa mezani una sura nyingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Shabiki wa soka anaujua ushindi wa mezani: timu haikutokea uwanjani, au imechezesha mchezaji asiyeruhusiwa, basi mwenzake anapewa pointi. Katika mbio za magari na katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani meza hiyo ipo pia, ila haionekani kwa urahisi. Kwenye magari imo katika chumba cha waongoza mbio, na huanza kufanya kazi mizunguko michache kabla ya mwisho. Kwenye kikapu imo katika chumba cha kamati ya uteuzi kila mwezi Machi, kabla mashindano yenyewe hayajaanza. Habari za michezo huandika kwamba fulani "kaporwa" au "kabahatika" na kuishia hapo, wakati msomaji hawezi kupima haki asipoambiwa kanuni ilisemaje kabla ya injini kuwashwa.

Nianze na magari. Ajali ikitokea, bendera ya njano hupepea, gari la usalama huingia, na magari yote hujipanga nyuma yake. Aliyekuwa ameongoza kwa sekunde 10 anajikuta wa pili yuko mgongoni mwake. Hilo likitokea katikati ya mbio, muda upo wa kujenga pengo upya. Likitokea zimebaki raundi tano, mwongoza mbio ana njia tatu: kuacha mbio ziishe nyuma ya gari la usalama, kuzisimamisha kwa bendera nyekundu ili zianzishwe tena, au kuongeza raundi. Kila njia ina mshindi wake, na mara nyingi si mtu yule yule. Ndiyo maana nasema chaguo hilo lisiwe la mtu aliyekaa mbele ya skrini akijua nani atafaidika.

NASCAR, shirika linaloendesha mbio kubwa za magari Marekani, ilijifunza kwa hatua. Hadi Septemba 2003 madereva waliruhusiwa kukimbizana hadi mstarini hata baada ya njano kuwaka. Siku gari la Dale Jarrett lilipokwama katikati ya uwanja wa New Hampshire huku wenzake wakija kwa kasi, desturi hiyo ilikomeshwa: tangu hapo njano ikiwaka, nafasi za magari hugandishwa palepale. Usalama ulipatikana, lakini mbio zikaanza kuishia kwenye mwendo wa pole. Aprili 2004 huko Talladega, Jeff Gordon alimaliza mbele ya Dale Earnhardt Jr. chini ya njano, na watazamaji wakarusha makopo uwanjani. Julai mwaka huo ikaja kanuni ya nyongeza: kijani, nyeupe, kisha bendera ya miraba, yaani raundi mbili za kukimbizana hata kama idadi iliyotangazwa imeshatimia. Mwanzoni jaribio lilikuwa moja, mwaka 2010 yakawa matatu, na baadaye kikomo kikaondolewa. Kiongozi akishaipita bendera nyeupe mbio zikiwa kijani, bendera yoyote inayofuata inamaliza kazi.

Wengi hawaoni gharama yake. Mhandisi wa timu hupiga hesabu ya mafuta kwa raundi zilizotangazwa. Nashville mwaka 2024 zilitangazwa 300, zikakimbiwa 331, kwa sababu nyongeza ilirudiwa mara tano. Joey Logano alishinda akiwa amebakiwa na mafuta kidogo mno, baada ya baadhi ya waliokuwa mbele yake kuishiwa au kugongana. Je, ni haki? Kwa maoni yangu ndiyo, ingawa si matokeo ninayoyapenda. Kanuni ilijulikana asubuhi ile, kila timu ilikuwa na tangi la ukubwa ule ule, na aliyebana matumizi alilipwa kwa kubana. Fainali ya Phoenix mwaka 2025 inauma zaidi. Denny Hamlin alikuwa akiongoza zikiwa zimebaki raundi tatu tu achukue ubingwa wake wa kwanza, njano ikawaka. Yeye akabadilisha matairi manne, Kyle Larson akabadilisha mawili na kutoka mbele yake. Ubingwa ukaenda kwa Larson, ambaye hakuwa ameongoza hata raundi moja siku ile. Anayetaka kulalamika alalamikie muundo wa ubingwa wa wakati huo, uliokuwa ukining'iniza msimu mzima kwenye siku moja. Kanuni ya nyongeza ilitumika kama ilivyoandikwa.

Sasa tazama Indianapolis 500, mbio nyingine maarufu za Marekani zilizo nje ya NASCAR, ambayo haina nyongeza: ni raundi 200, basi. Mwaka 2020 Spencer Pigot aligonga ukuta zikiwa zimebaki raundi tano, mbio zikaishia kwenye njano na Takuma Sato akashinda huku Scott Dixon akiwa nyuma yake hana la kufanya. Mwaka 2023 ajali za mwisho zilileta bendera nyekundu mara tatu, na ya tatu ikazaa mbio za raundi moja tu. Magari yalitoka yaliposimama yakaenda moja kwa moja kwenye kijani, matairi yakiwa bado baridi, na Josef Newgarden akampita Marcus Ericsson. Uwanja ni ule ule, raundi ni zile zile, maamuzi mawili yanayopingana ndani ya miaka mitatu. Hapo ndipo penye dhuluma, hata kama kila uamuzi ukiutazama peke yake unaeleweka. Dawa yake ni namba: kanuni iseme kwamba ajali ikitokea zikiwa zimebaki raundi kadhaa au zaidi, bendera ni nyekundu, pungufu ya hapo, mbio zinaishia kwenye njano. Namba yoyote itakayochaguliwa itamuumiza mtu siku moja, lakini hakuna atakayejua mapema ni nani.

Mbio za mwisho za msimu wa Formula 1 huko Abu Dhabi, tarehe 12 Desemba 2021, ni mfano mkubwa kuliko yote. Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia wakiwa na pointi 369.5 kila mmoja. Nicholas Latifi aligonga ukuta raundi ya 53 kati ya 58. Hamilton alibaki na matairi magumu aliyoyavaa tangu raundi ya 14. Verstappen akaingia kubadilisha na kuweka laini mapya, yenye kasi zaidi. Kati yao kulikuwa na magari matano yaliyokuwa nyuma kwa raundi nzima. Kwanza ilitangazwa kwamba hayataruhusiwa kupita gari la usalama, kisha yakaruhusiwa hayo matano tu, mengine yakaachwa yalipo, na gari la usalama likatoka mwishoni mwa raundi hiyo hiyo badala ya kusubiri raundi moja zaidi. Raundi ya mwisho, tairi laini jipya dhidi ya tairi gumu la raundi 40 na zaidi: hapo matokeo yalikuwa yameshaamuliwa. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, baadaye ilikiri kosa la kibinadamu, ikabadilisha maneno ya kanuni ili iwe wazi kuwa yanaruhusiwa magari yote yaliyozidiwa raundi, si baadhi. Matokeo hayakubadilishwa.

Mwaka huo huo, huko Spa, mvua ilizuia mbio kabisa. Magari yalizunguka nyuma ya gari la usalama na pointi nusu zikagawiwa bila mtu kumpita mwenzake. Hapo marekebisho yalikuja vizuri: tangu 2022 hakuna pointi mpaka kiongozi akamilishe angalau raundi mbili bila gari la usalama, na zikikimbiwa chini ya robo ya umbali mshindi hupata pointi 6, si 25.

Bado kuna kitufe chenyewe cha kuwasha njano. Turudi NASCAR. Katika raundi ya mwisho ya Daytona 500 ya 2007 magari yaligongana nyuma ya viongozi, njano haikuwashwa, na Kevin Harvick akampita Mark Martin kwa sekunde 0.020 huku Clint Bowyer akivuka mstari gari likiwa limepinduka. Kama njano ingewaka dereva akiwa mbele kwa pua tu, mbio zingekuwa zake. Sekunde moja ya kusita inatengeneza bingwa.

Kupima mstarini kumekuwa kazi rahisi zaidi kuliko kuamua kitufe. Mwaka 1959 iliwachukua siku tatu na filamu za habari kumtangaza Lee Petty mshindi wa Daytona 500 ya kwanza, baada ya Johnny Beauchamp kutangazwa kwanza. Mei 2024 huko Kansas, Kyle Larson alimshinda Chris Buescher kwa sekunde 0.001. Gari linalokwenda kilomita 290 kwa saa hupita kama mita 80 kila sekunde, kwa hiyo tofauti hiyo ni sentimita 8. Kwa kipimo kidogo hivyo, kifaa cha kutuma ishara kikifungwa sentimita chache nyuma kuliko cha mwenzake kinaweza kugeuza matokeo. Ndiyo maana picha ya pua ya gari kwenye mstari ndiyo ya kuaminiwa.

Na baada ya bendera? Tangu 2019 gari la mshindi wa NASCAR likishindwa ukaguzi, ushindi unafutwa. Pocono 2022 Hamlin wa kwanza na Kyle Busch wa pili waliondolewa wote wawili kwa sababu ya tabaka za ziada zilizobandikwa kwenye sehemu ya mbele ya gari, na Chase Elliott akapewa ushindi. Huo ni ushindi wa mezani ulio safi, kwa sababu kipimo ni cha chuma na karatasi. Richmond 2024 ni kinyume chake. Austin Dillon aliwagonga Logano na Hamlin katika raundi ya mwisho. NASCAR ikamwachia ushindi lakini ikamnyang'anya tiketi ya mchujo wa ubingwa. Ushindi usiozaa matunda ya ushindi ni uamuzi wa nusu njia.

Kwenye kikapu cha vyuo, timu 68 huingia mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Mwaka 2025 timu 31 ziliingia kwa kutwaa ubingwa wa konferensi (ligi) zao na 37 zilichaguliwa na kamati. Ugomvi huwa juu ya viti vinne au vitano vya mwisho. Rekodi ya kushinda 25 na kupoteza 7 haisemi kitu peke yake, kwa kuwa timu zaidi ya 360 hucheza ratiba zisizofanana hata kidogo.

Kamati hutumia orodha ya kupanga timu kwa ubora iitwayo NET, iliyochukua nafasi ya orodha ya zamani, RPI, msimu wa 2018–19, na kugawa mechi katika makundi manne kwa nafasi ya mpinzani. Kundi la kwanza ni kukutana na timu ya 1 hadi 30 ukiwa nyumbani, 1 hadi 50 uwanja usio wa mtu, na 1 hadi 75 ugenini. Wazo ni zuri, kwa sababu kushinda ugenini ni kugumu. Lakini mipaka ni kama ngazi: uliyemfunga kwako akiwa wa 30 akiteleza hadi 31 mwezi Februari, ushindi wako unashuka kundi nawe umekaa tu.

NET yenyewe huangalia pia pointi kwa kila mashambulizi 100. Mashambulizi hupatikana hivi: mitupo ya uwanjani, toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha mitupo huru mara 0.475. Timu yenye mitupo 60, ribaundi 10, mipira 12 iliyopotezwa na mitupo huru 20 imeshambulia mara 71.5. Ikishinda 78–70, tofauti yake ni kama pointi 11 kwa mashambulizi 100. Inayocheza taratibu, mashambulizi 60, ikashinda 66–58, tofauti yake inapita 13. Pengo ni lile lile la pointi nane, thamani si ile ile. Ubaya wake ni kwamba kikomo cha pointi 10 kiliondolewa mwaka 2020, basi kocha anayeongoza kwa 30 ana sababu ya kutowapumzisha nyota wake.

Kipimo ninachokiamini zaidi kiliongezwa msimu wa 2024–25: ushindi unaozidi ule ambao timu ya mpakani, yaani iliyo kati ya kuchaguliwa na kuachwa, ingepata kwa ratiba hiyo hiyo. Kama timu ya mpakani ingeshinda mechi fulani mara 40 katika 100, wewe ukishinda unapata 0.6, ukipoteza unakatwa 0.4. Ukipoteza kwa dhaifu ambaye ingemfunga mara 95, unakatwa 0.95. Hakuna ngazi, na hakuna faida ya kumkandamiza mnyonge.

Kwa nini haya ni muhimu? Mwaka 2024 timu ya chuo cha Indiana State ilishinda 28, ikapoteza 6, ikawa ndani ya 30 bora za NET, ikaachwa. Mwaka 2025 North Carolina iliingia na ushindi mmoja na vipigo 12 katika kundi la kwanza, West Virginia yenye ushindi sita wa kundi hilo ikabaki nje. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkurugenzi wa michezo wa North Carolina. Kanuni ilimtaka atoke chumbani timu yake ilipojadiliwa, naye alitoka. Tatizo haliko kwake. Karatasi ya takwimu za timu ambayo kamati huisoma ina vipimo saba, na mwenye safu saba mbele yake anaweza kuchagua ile inayomtetea anayemtaka. Kamati itangaze Novemba ni safu ipi itaamua viti vya mwisho.

Kuhusu utabiri wa kabla ya msimu, acheni kunakili nafasi za mwaka jana. Tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Florida ilitwaa ubingwa wa 2025 ikiwa na Walter Clayton Jr. aliyetoka Iona, Alijah Martin wa Florida Atlantic na Will Richard wa Belmont. Hesabuni asilimia ya dakika za mwaka jana zinazorudi, kisha umri wa waliohamia. Mitupo ya pointi tatu ya wapinzani ipeni uzito mdogo, maana ulinzi huzuia zaidi wingi wa mitupo hiyo kuliko usahihi wake. Timu iliyoshinda mechi nyingi kwa pointi tatu au chini ya hapo mwaka jana, msiipandishe kwa hilo.

Ombi langu basi: ripoti ya mbio itaje raundi ambayo njano iliwaka, umri wa matairi ya watatu wa kwanza, na kifungu cha kanuni kilichotumika. Siku ya uteuzi wa NCAA, chapisheni timu nane za mpakani na rekodi zao kwa makundi manne, matokeo ya ugenini, na wachezaji waliokosekana kwa majeraha. Safu moja ya gazeti inatosha.

Msomaji wenu