Ukifika Hiroshima panda tramu

Mambo Zuhura,

Meseji yako nimeisoma jana usiku na nimefurahi mno, yaani kati ya miji yote ya Japani hayo mafunzo yamekuangukia Hiroshima kulekule! Umeniuliza teksi ni bei gani. Shosti, achana na teksi. Mi nilikaa wiki tatu nikapanda teksi mara moja tu, siku niliyokuwa na mabegi, nyingine zote ni tramu.

Tramu ni zile treni za umeme zinazopita barabarani katikati ya magari, na Hiroshima zipo kila kona. Stesheni kuu zinakusubiri ghorofa ya pili, tangu Agosti 2025 zinapanda juu mpaka ndani ya jengo, kwahiyo ukishuka kwenye treni ya mwendo kasi huna haja ya kwenda kuhangaika nje. Unaingilia mlango wa nyuma au wa katikati, unashukia mlango wa mbele kwa dereva, na nauli unalipa wakati wa kushuka. Kwa mjini nauli ni moja, yeni 240, uende vituo viwili uende kumi ni hiyohiyo. Ukitaka kushuka unabonyeza kitufe, huna haja ya kumwambia mtu shusha.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Tembea na chenji. Siku ya kwanza mi nilikuwa na noti ya yeni 10,000 peke yake, na mashine ya pale mbele inavunja sarafu na noti ya 1,000 tu, dereva ananionyesha kwa mikono siielewi, watu wako nyuma yangu wanasubiri na hakuna hata mmoja aliyeguna, moyo unanienda mbio. Akaja mzee mmoja kutoka kwenye siti ya mbele na sarafu zake mkononi ameshazihesabu, akazitumbukiza kwenye boksi, akainama kidogo, akarudi kukaa. Nikabaki nasema arigato arigato mpaka mlango ukafungwa. Sikumwona tena na mpaka leo namkumbuka. Kesho yake nikanunua kadi ya ICOCA stesheni, ni kama N-Card ya feri ya Kigamboni, unaweka hela, unagusisha tu, na inafanya kazi kwenye treni na madukani pia. We nunua siku ileile unayofika. Kutoa hela nenda ATM za 7-Eleven, kadi zetu za Visa zinakubali.

Ndani ya tramu simu weka sailensi, wenzetu hawaongei na simu mle. Na barabarani wanaendesha kushoto kama kwetu kwahiyo kuvuka hakutakusumbua.

Kwenda kwenye lile jengo la bomu la atomiki, Genbaku Dome, panda namba 2 au 6. Ukishuka usikimbilie kupiga picha, angalia kwanza lile daraja la Aioi ambalo tramu inapita juu yake. Lina umbo la herufi T, na ndo lililokuwa shabaha ya ndege siku ile ya tarehe 6 Agosti 1945 saa 2:15 asubuhi. Watu wanalivuka kila siku wanaenda kazini.

Alafu kuna kitu nilikijua kule na sijawahi kukisahau. Wakati wa vita wanaume walikuwa jeshini, kwahiyo kampuni ya tramu ilifungua shule ya wasichana mwaka 1943, wanasoma huku wanafanya kazi ya ukonda na udereva. Watoto wa kidato cha pili, cha tatu hivi! Bomu liliwakuta baadhi yao kazini, na wengine walikufa. Na tarehe 9, siku tatu tu baadae, mji bado majivu, tramu ikatembea tena kwenye kipande kifupi upande wa magharibi, na hao wasichana walionusurika walikuwemo kazini. Kila nikigusisha ile kadi nilikuwa nawafikiria, mi na mwanangu wa miaka kumi na tano nyumbani.

Tramu mbili za siku zile bado zinabeba abiria, 651 na 652. Mara nyingi zinatoka asubuhi siku za kazi, kwahiyo amka mapema ukae kituoni uangalie namba kwenye paji la tramu, hata ukikosa siku ya kwanza rudi tena. Mi niliipata 652 siku ya nne. Sakafu ni ya mbao na inalia ikikata kona.

Jumapili ukiwa free nenda kisiwa cha Miyajima. Namba 2 inafika mpaka karibu na feri ila ni zaidi ya saa nzima, ukiwa na haraka panda treni ya kampuni ya reli ya JR ni kama nusu saa, alafu feri dakika kumi. Mi ningekwambia uende na tramu urudi na treni.

Ukifika hotelini nitumie meseji hata kama huku ni usiku. Na ukiiona 651 nirekodie ile sauti ya kengele yake.

Wako,
Mwana