Mdogo wangu, hilo jicho halipimwi kwa wekundu

Mdogo wangu, mama kaniambia umeacha yale matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kisa wekundu umeisha, eti daktari anakumalizia nauli tu, kila ukienda unaweka kidevu kwenye ile mashine, anamulika, anaandika vinamba viwili vitatu, anasema bado. Ngoja nikwambie anaona nini mle ndani maana naona hakuna aliyekuelezea.

Uveitisi yako, yani uvimbe wa ndani ya jicho, ni ya mbele. Kati ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na lenzi kuna maji, na kawaida ni masafi kabisa, ila jicho likivimba kwa ndani chembe nyeupe za damu zinavujia humo. Daktari anazima taa ya chumba, anaubana mwanga wa mashine ubaki kakipande ka milimita 1 kwa 1, anaupitisha kwa ubavu halafu anahesabu, yani kweli anahesabu, chembe zinaelea kama vumbi kwenye jua linalopenya tundu la bati. Isipofika hata 1 ni sifuri, 1 mpaka 5 ni nusu, 6 mpaka 15 ni 1+, 16 mpaka 25 ni 2+, 26 mpaka 50 ni 3+, zikizidi 50 ni 4+. Mizani hiyo wataalamu waliikubali kwenye mkutano Baltimore, Marekani, 2004, ikachapishwa 2005, kwa hiyo 2+ ya Moshi na ya London ni ileile.

Namba nyingine ni ya ukungu, protini zikivuja maji yanafifia, ikifika 3+ hata ile sehemu ya rangi ya jicho haionekani vizuri. Presha ya jicho nayo anapima kwa sababu steroidi zenyewe zinaweza kuipandisha. Na yale matone yanayotanua mboni, yanayokufanya ushindwe kusoma meseji, ni ili aangalie nyuma mpaka kwenye retina, lile tabaka la nyuma linalopokea picha.

Sasa wewe jicho linaweza kuwa jeupe pee na ndani una 1+. Hiyo hata kioo hakikuonyeshi, sembuse kamera ya simu. Ukikatisha dawa ghafla uvimbe unaweza kurudi, ile sehemu ya rangi ikagandia kwenye lenzi na mboni ikapoteza uduara wake.

Rudi wiki hii, usingoje tarehe. Mwambie ukweli kwamba uliacha, muulize leo ni ngapi na mara ya mwisho ilikuwa ngapi, uniandikie. Nauli nakutumia jioni kwenye simu.