Shukrani kwa kijana wa dukani Darajani

Assalaam alaykum. Mwanangu uliyevaa kofia ya viua, jina lako sikulijua. Mimi ni yule mama niliyekuja duka la vifaa vya umeme kutaka soketi ya mbili, maana ya chumbani ni ya moja, na friji na feni haviwezi kupokezana.

Muuzaji keshanifungia, ukaniuliza: "Mama, na boksi la ukutani unalo?" Kumbe soketi ya mbili ya kawaida haikai kwenye boksi la moja, ikabidi ukuta uchimbwe. Na ukuta wetu ni wa mawe na chokaa, wa Mji Mkongwe huu, ukiuvamia kwa pupa unamwagika kama unga. Basi ukaja mwenyewe. Ukazima swichi kubwa, ukapima kwa tesita, kile kipimo cha kuonesha kama umeme upo, kabla ya kugusa kitu, ukachimba kwa patasi taratibu. Waya nyekundu kwenye L, ya moto, nyeusi kwenye N, ya nyutro, ya kijani na manjano kwenye ethi, ya ardhini. Waya zilikuwa mbili mbili kila rangi, ukazirudisha vilevile, ukisema kuacha moja nje huenda kukazima soketi za vyumba vingine. Mafundi wangapi hukueleza wanachofanya?

Ukanikataza pia kuchomeka birika na pasi kwa pamoja: matundu yameongezeka, waya ni ule ule.

Pesa ulikataa, hata chai. Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Ukipita Mkunazini piga hodi, halua ya Wete ipo.