Titi lililokatwa lisicheleweshwe kutiwa fomalini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madaktari wapasuaji, pamoja na ndugu wa wagonjwa wanaokabidhiwa kopo la sampuli walilete maabara.

Mwanamke akigundulika ana saratani ya matiti, sisi wa patholojia, tunaochunguza nyama za mwili kwa hadubini, hutafuta protini iitwayo kipokezi cha estrojeni. Hukaa ndani ya kiini cha seli, ikipata homoni ya estrojeni huamsha jeni zinazokuza uvimbe. Tunaipima kwa kingamwili inayoinasa, kisha tunatia rangi ya kahawia. Ikifika hata asilimia 1 ya seli za saratani zenye kahawia kwenye viini, majibu ni chanya, na mama anaweza kufaidika na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachoizuia homoni hiyo.

Lakini sampuli zenyewe! Juzi nimepokea titi zima limesokomezwa kwenye kopo, fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze, imeishia nusu. Nilipolikata, nje lilikuwa limekakamaa, ndani bado jekundu, limeanza kunuka. Fomu haina saa titi lilipokatwa. Mwongozo wa kimataifa unataka liingie kwenye fomalini ndani ya saa 1 na likae humo saa 6 hadi 72. Likichelewa protini huharibika, na kingamwili, hata iwe ya gharama gani, haina cha kunasa.

Slaidi, kile kioo chenye kipande chembamba cha nyama, hutoka bluu tupu bila kahawia, na mwenye haraka ataandika "hasi". Mimi huangalia kwanza mirija ya maziwa isiyo na saratani iliyo kando, maana baadhi ya seli zake lazima ziwe na kahawia. Nazo zikiwa bluu, kilichofeli ni kipimo. Newfoundland, Kanada, vipimo vya mwaka 1997 hadi 2005 viliporudiwa, mamia ya wanawake walikutwa walipewa majibu yasiyo sahihi, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Hiyo ni nchi tajiri.

Wapasuaji wetu, uchanjeni uvimbe fomalini ipenye, iwe mara 10 ya ujazo wa nyama, na saa iandikwe. Ndugu, msiimwage kwa sababu ya harufu, wala kopo lisilale nyumbani mkisubiri nauli; semeni mapema mmekwama. Na mama aliyeandikiwa hasi amuulize daktari wake kama ile mirija ya kando ilishika rangi. Ana haki ya kujibiwa.

Mtaalamu wa maabara,
Kanda ya Ziwa