Risala ya wakulima wa michikichi wa Rumonge, Burundi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwakilishi wa nchi wafadhili;
Viongozi wa komini na wa kolini yetu, yaani kijiji chetu cha mlimani;
Wazee wetu bashingantahe, wasuluhishi wa migogoro katika jamii;
Viongozi wa dini;
Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Rumonge. Tunajua majukumu yako ni mengi, na barabara ya kutoka Bujumbura kando ya ziwa inachosha, hasa mvua zinaponyesha. Umekubali kufika mwenyewe badala ya kutuma salamu, nasi tunashukuru sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu tutaipitia kwa haraka. Machafuko ya Aprili 1972 yalianzia huku kusini, na mauaji yaliyofuata yakawavusha wazazi wetu kwenda Tanzania. Wengi wetu tumekulia huko, katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vikawaondoa wengine. Baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000, na hasa kuanzia mwaka 2008, familia nyingi zilirudi na kukuta mashamba yao yana watu wengine, waliogawiwa na kuyalima kwa zaidi ya miaka 30. Tume ya Ardhi ilisuluhisha migogoro mingi kwa kugawa shamba nusu kwa nusu. Mingine haikuisha kirahisi hivyo, na kila aliyeketi hapa anayajua ya kwake.

Chama hiki kimetokana na mashamba hayo yaliyogawanywa. Wanachama wake ni waliorudi pamoja na waliobaki, na hilo tulilifanya kwa makusudi. Misaada ya mwanzo, pamoja na nia yake njema, ilitutenganisha. Aliyerudi alipewa mabati, mbegu na chakula cha kuanzia, wakati jirani yake aliyebaki, ambaye naye vita vilimwacha mikono mitupu, alitazama tu lori likipita. Chuki ya siku zile tuliimaliza wenyewe, chini ya miti, mbele ya bashingantahe.

Kuhusu mafanikio, Mheshimiwa, chama kimepiga hatua kubwa. Tuna kitalu cha miche ya michikichi aina ya tenera, yenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi. Tuna mfuko wa kuweka na kukopa ambao umesomesha watoto na kulipia matibabu. Kina mama wanatengeneza sabuni ambayo imeshafika soko la Bujumbura. Hesabu zetu zimeandikwa na ziko wazi kwa yeyote atakayetaka kuzikagua leo. Na wanachama waliogawana shamba moja wamekaa miaka kadhaa bila kufikishana mahakamani. Tunaamini chama chetu ni mfano wa kuigwa nchi nzima.

Sasa tunaomba usikivu wako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa jambo lililotuleta hapa.

Nyuma ya turubai ulipoketi kuna banda. Tunakuomba ulitembelee kabla hujaondoka, hata kama halimo kwenye ratiba uliyopewa. Lina sakafu ya zege, na katikati ya zege zimesimama bolti nne. Bolti hizo ziliwekwa kushika mtambo wa kukamulia mawese. Mchanga, mawe na tofali vilikuwa mchango wetu kwa mradi. Tulivibeba kwa vichwa, na wajawazito walikuwemo. Wafadhili walileta saruji, mabati na bango lenye bendera. Siku ya uzinduzi tuliambiwa mtambo uko njiani. Tuliimba na kucheza ngoma. Baadaye tukaelezwa kwamba muda wa mradi umekwisha na ofisi imefungwa. Leo ni mwaka wa nne. Kila mwaka wanachama hupaka grisi bolti zile zisishikwe na kutu.

Tangu hapo wamekuja wageni wengine, na wote tumewapokea kama tunavyokupokea wewe. Wamepiga picha, wamechukua majina na sahihi zetu, wametupa semina za ujasiriamali na vyeti tunavyo. Hatuvidharau. Lakini semina haikamui chikichi.

Mheshimiwa, chikichi zikishakatwa hazisubiri. Zikipita siku moja au mbili bila kuchemshwa, asidi hupanda, na mawese yake hununuliwa kwa bei ya chini, ya kutengenezea sabuni tu. Mitambo ya watu binafsi iliyopo ni ya kusukumwa kwa mikono. Vijana huzunguka na mti begani huku mafuta yakichuruzika kidogo kidogo, na msimu ukichanganya foleni hufika barabarani. Mama mmoja mjane, aliyeketi safu ya pili hapo, msimu uliopita alilala nje akilinda mikungu yake. Zamu yake ilipofika, chikichi za chini zilikuwa zimeshaanza kuoza. Mwenye mtambo alikata ujira wake kwenye mawese yenyewe, kuni nazo zikadai. Alichobakiwa nacho hakikutosha ada ya shule.

Hapa ndipo amani yetu inapojaribiwa. Nusu shamba linaweza kulisha familia iwapo mavuno yake yanauzwa kwa bei nzuri. Mavuno yakioza, kila mmoja huanza kuitazama nusu ya mwenzake, na maneno ya zamani hurudi. Fedha nyingi za kigeni zimeletwa Burundi kwa jina la amani. Mwaka 2006 nchi yetu na Sierra Leone zilikuwa za kwanza kuingizwa katika ajenda ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Ujenzi wa Amani. Tunafahamu pia kwamba mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, na hatua hiyo ikaondolewa Februari 2022. Hayo ni ya wakubwa. Sisi miaka yote hiyo tuliendelea kupanda michikichi.

Hivyo tunaomba jambo moja tu: mtambo wa injini wa kukamulia mawese, uwekwe juu ya zile bolti nne. Uwe wa aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Bujumbura au Kigoma, kwa sababu tumeona pampu za maji za kutoka mbali zikifa kwa kukosa mpira mmoja. Vijana wetu wawili wafundishwe kuutengeneza. Mafuta ya injini, mlinzi na matengenezo tutayagharamia wenyewe kutokana na ada ya kukamulia. Hatuombi banda lingine. Na iwapo ofisi yako haina uwezo huo, tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa tuambiwe hivyo mapema, kwa maandishi, ili tuanze kuchangishana.

Nakala ya risala hii utakabidhiwa sasa hivi na Katibu wetu, pamoja na vipimo vya zege na barua ya ahadi ya awali. Tunaomba kujibiwa kabla ya msimu mkubwa wa mavuno.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.