Umeangalia video za flashi na picha bado hazitoki? Soma hii kabla hujakodi

Jumatatu baada ya wikiendi ya harusi, simu ya duka letu la kukodisha flashi hupokea malalamiko ya aina moja: flashi yenu mbovu. Mlalamikaji huambatanisha picha. Bi harusi anaonekana vizuri kutoka kichwani hadi kiunoni, kisha kuanzia hapo kushuka ni giza, tena limekatwa kwa mstari ulionyooka.

Flashi hiyo tukiipachika kwenye kamera ya dukani inawaka bila shida yoyote. Tukimuuliza alikuwa kasi gani ya shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka kupitisha mwanga, anajibu 1/500 au 1/1000 ya sekunde. Kwa nini? Aliona kwenye video.

Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili. La kwanza linafunguka, la pili linafuata kufunga. Mpaka kasi fulani, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, kuna wakati mfupi ambapo kihisi chote, yaani sehemu ya kamera inayonasa picha, kiko wazi, na flashi huwaka hapo. Ukivuka kasi hiyo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, na kinachopita mbele ya kihisi ni mwanya tu. Flashi inawaka mara moja, na sehemu iliyofunikwa na pazia haipati kitu. Yule jamaa wa kwenye video alikuwa amewasha HSS, mfumo unaoifanya flashi ipigepige mfululizo muda wote mwanya unapopita. Pengine alilisema hilo kwa sekunde mbili, kwa Kiingereza cha mbio, wakati bando lako linakatakata. HSS nayo ina bei yake: flashi inapoteza nguvu nyingi, inapata moto na kumaliza betri. Na flashi nyingi za bei nafuu hazina huo mfumo kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya lolote: tafuta kwenye kitabu cha kamera yako kasi ya mwisho inayoelewana na flashi, uikariri. Ukitumia triga (vifaa vya kuwasha flashi bila waya) za bei rahisi, shuka kidogo hadi 1/160, kwa sababu nazo huchelewesha mawimbi.

Sisi tunakodisha flashi, stendi, miavuli na softiboksi (visanduku vya kitambaa vya kulainisha mwanga) hapa Dar es Salaam, na wateja wetu wengi wamejifunza kazi kwenye YouTube. Hatuna neno na hilo. Zamani kama fundi wa studio hakutaka kukufundisha, ungebeba stendi zake mpaka nywele ziote mvi. Leo kijana wa Mbagala anaweza kukaa chumbani kwake na kumwangalia mpiga picha wa New York akipanga taa moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba video inakupa namba na matokeo, haikupi chumba. Na flashi, kwa asilimia kubwa, ni habari ya chumba.

Namba zake si zako

Mteja anakuja na karatasi: f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), flashi 1/8. Ameinakili kutoka kwenye video na anataka tumpe vifaa vya kutoa matokeo yale. Lakini 1/8 ya nini? Taa kubwa za kwenye video hizo, mfano Godox AD600, zina nguvu ya 600 Ws (wati-sekunde). Flashi ndogo ya kuweka juu ya kamera iko kwenye 60 hadi 80 hivi. Maana yake ile 1/8 yake inakaribia flashi yako ikiwa imefunguliwa yote, 1/1. Ukiweka 1/8 kwenye flashi yako ndogo utapata picha ya giza, halafu utapandisha ISO, halafu utasema kamera haina uwezo.

Halafu kuna umbali, ambao kwa maoni yetu ndio unaopaswa kuandikwa kwenye hiyo karatasi badala ya namba nyingine zote. Ukiisogeza flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu haupungui kwa nusu; unabaki robo. Mita 4, unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Hapo ndipo zinapotoka zile picha ambazo mtu anaonekana kapigwa kwenye studio ya kitambaa cheusi kumbe nyuma yake ni ukuta mweupe wa sebuleni. Msimamishe mtu mita 3 mbele ya ukuta, weka flashi mita 1 kutoka usoni kwake, pima mwanga kwa ajili ya uso. Ukuta uko mita 4 kutoka kwenye flashi, unapata moja ya kumi na sita, na kama chumba chenyewe hakina mwanga mwingi unageuka kijivu kizito au mweusi kabisa. Sasa irudishe flashi nyuma hadi mita 3 kutoka kwa mtu na uongeze nguvu. Ukuta sasa unapata robo ya mwanga wa usoni, na unaonekana. Ukuta ni uleule, flashi ni ileile.

Zoezi hili halihitaji mwanamitindo. Tumia chupa ya maji au mdogo wako, ukimuahidi soda. Ukilifanya jioni moja kwa makini utaelewa nusu ya video zote ulizowahi kuhifadhi.

Picha moja, mwanga wa aina mbili

Nusu nyingine iko hapa. Flashi inawaka kwa muda mfupi kuliko shata inavyokaa wazi. Kwa hiyo, ukiwa chini ya ile kasi ya mwisho, kasi ya shata haigusi mwanga wa flashi. Inagusa mwanga wa mazingira peke yake. Uwazi wa lenzi na ISO vinagusa vyote viwili. Nguvu ya flashi na umbali wake vinagusa flashi tu. Yaani kila picha ya flashi ni picha mbili zilizopandana, na kila moja ina kirekebishi chake.

Nenda ufukweni jua likishazama. Msimamishe mwenzako, pima uso wake kwa flashi, kisha usiguse chochote isipokuwa shata: 1/200, halafu 1/60, halafu 1/15. Uso utabaki karibu vilevile huku anga likitoka kwenye weusi, likapita kwenye buluu nzito, likaishia kung'aa. Ukishaliona hilo kwa macho yako kwenye kioo cha kamera, basi.

Tahadhari mbili za hapa kwetu ambazo video hazitakupa. Ya kwanza: video nyingi za ufukweni zimepigwa California, ambako jua linazama baharini. Coco Beach inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na linazama nyuma yako, upande wa mjini, kwa hiyo usimpange bwana harusi mbele ya bahari ukasubiri jua liingie majini. Ukitaka picha hiyo vuka Unguja, Forodhani inatazama magharibi. Ya pili: majuu wakati wa kiangazi machweo yao yanachukua muda mrefu, mtu anapiga picha za mwanga wa dhahabu huku anapiga soga na kubadilisha lenzi. Kwetu hapa karibu na ikweta, jua likishazama una kama dakika ishirini za buluu nzuri, halafu usiku. Stendi iwe imesimama, betri zimo, triga imejaribiwa, na dada wa vipodozi amemaliza kazi yake kabla ya saa kumi na mbili.

Kuna mbinu moja ya rangi tunayoipenda sana kwa dakika hizo. Flashi hutoa mwanga wa takriban 5500 K (kipimo cha rangi ya mwanga), karibu na wa mchana. Funika flashi kwa jeli ya chungwa, ile inayoitwa CTO, kisha, kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance), weka kamera kwenye alama ya balbu, kama 3200 K. Uso utatoka rangi yake ya kawaida, na kila kisichoguswa na flashi, yaani anga na bahari, kitazama kwenye buluu kuliko ulivyokiona kwa macho. Jeli ni kipande cha plastiki. Tunakupa bure ukikodi flashi, na wateja wengi huirudisha haijafunguliwa.

Dari la ukumbi wa harusi

Hii ndiyo inayoleta kesi nyingi zaidi baada ya ile ya picha nusu. Video inasema: elekeza flashi juu, mwanga upige dari, urudi laini. Ni ushauri mzuri sana, kwenye nyumba yenye dari jeupe la kawaida. Sasa ingia kwenye ukumbi wetu wa sendofu. Mpambaji kaweka vitambaa vya zambarau kutoka ukuta hadi ukuta, vimekutana katikati kwenye taa la vioo. Ukipiga flashi juu, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa, na mama mzazi wa bi harusi, aliyelipa hela nyingi kwa gauni na vipodozi, anatoka zambarau usoni. Kuitoa rangi hiyo kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha, maana ukiitoa usoni inaharibika kwenye gauni. Kanisani hali ni nyingine: paa liko juu mno, au ni la mbao, na mwanga unakwenda usirudi.

Tunachowashauri wateja ni flashi moja juu ya stendi ndefu, pembeni mwa jukwaa, iliyoelekezwa kwa pembe kuelekea meza kuu, na nyingine ndogo juu ya kamera kwa nguvu ya chini ya kulainisha vivuli. Stendi ifungwe mfuko wa mchanga, kwa sababu wakati wa kutoa zawadi watu huja wakicheza na hakuna anayetazama miguu. Ukibaki na flashi moja tu, tafuta kitambaa cheupe au ukuta mweupe wa pembeni na upige huko badala ya juu. Na fika mapema ukalione dari! Mpigie mpambaji umuulize rangi za kamati. Ni swali la dakika moja.

Bado gauni. Kamera ikiwa kwenye TTL, yaani inaipimia flashi nguvu yenyewe, inajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi na inaipunguza flashi, na ngozi nyeusi ya bi harusi inazama. Akisimama bwana harusi wa suti nyeusi peke yake, inafanya kinyume chake, anang'aa mpaka jasho linahesabika. Video nyingi haziligusi hili kwa sababu watu waliomo wana ngozi nyeupe, na tofauti kati ya ngozi na gauni ni ndogo. Weka flashi kwenye M, yaani nguvu uipange mwenyewe, pima mara moja kwa uso, angalia gauni lisipoteze nakshi, kisha acha. Na kwa ngozi yetu, mwanga mkubwa ulio karibu na unaotoka pembeni, mwavuli au softiboksi, hufanya kazi kuliko kuongeza nguvu. Ule mng'ao mpana unaotokea shavuni na kwenye paji la uso ndio unaochonga sura. Ukiuondoa wote kwa poda, uso unakuwa bapa.

Mbinu za madoido tutazipitia haraka. Picha ya mtu anacheza singeli huku taa za ukumbi zimechora mistari: shata 1/15 au hata 1/8, na flashi iwekwe iwake mwishoni, pazia la pili linapokaribia kufunga, ili mistari ibaki nyuma ya mchezaji, ukiiacha iwake mwanzoni, mistari inamtangulia na anaonekana anarudi kinyumenyume. Picha ya unga unaoruka au maji yaliyoganda hewani ni kinyume cha wanavyodhani wengi: shusha nguvu ya flashi, usipandishe. Flashi ndogo kwenye 1/1 inawaka kwa kama 1/200 ya sekunde, lakini kwenye 1/128 inafika 1/20000. Ufupi huo ndio unaosimamisha tone. Mhandisi Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa akisimamisha matone ya maziwa na risasi kwa njia hiyo tangu miaka ya 1930, bila kamera ya bei mbaya. Uzime taa za chumba na uisogeze flashi karibu.

Sasa kuhusu kuziangalia hizo video. Simamisha picha ya mwisho na umtazame mtu machoni: doa la mwanga kwenye mboni linakuonyesha taa ilikuwa wapi na ya umbo gani, hata kama mwalimu hakusema. Kisha tazama kivuli cha pua kimeangukia wapi. Usianze na video za taa tatu; nyingi zinadhaminiwa na wanaouza taa, na haishangazi kwamba taa moja haitoshi humo. Mteja akija kutaka kukodi tatu kwa mara ya kwanza huwa tunampa moja na mwavuli, ingawa tunapoteza hela. Arudi wiki ijayo kuchukua ya pili, akijua anaitaka kwa kazi gani.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda maharusini, chumba cha nyuma cha duka kiko wazi kwa wateja waliokodi. Tunaweka video moja ukutani, uichague wewe, tunaisimamisha kila baada ya hatua na kuirudia kwa vifaa vyetu, kwa mita na ukuta tulio nao. Hakuna ada ya ziada. Njoo na kamera yako, kadi yenye nafasi, na betri za kuchaji, siyo zile za kutupa ambazo zinachoka kabla keki haijakatwa. Ukikodi siku ya kawaida, omba uijaribu flashi pale kaunta kabla hujasaini: chaneli ya triga ifanane na ya flashi, kundi lifanane, ipige mara kumi mfululizo. Ikigoma hapo, tunakubadilishia papo hapo.